Baba wa Faudhia Amefika

Ujumbe wa kwanza uliingia Kuluthumu akiwa ameinama juu ya miche ya nyanya, glavu mikononi, akiipima ile iliyoanza kunyauka. Hakuuangalia. Ulipoingia wa pili, kisha wa tatu, kisha simu ikawa inatetemeka mfululizo ndani ya mfuko wa koti la maabara, akajua ni kundi la wazazi wa darasa la Faudhia. Hakuna watu duniani wanaopenda kupongezana kwa simu kama wale. Mtoto wa mtu akishika panzi tu, wazazi wote wanamwaga maua na vidole gumba, na usipomwaga na wewe unaonekana una roho mbaya. Akavua glavu ya kulia, akafungua.

Ilikuwa picha ya safari ya masomo. Darasa zima la pili lilikuwa limepelekwa tangu asubuhi kwenye bustani moja ya madimbwi na vichaka, upande wa Panyu, pembezoni mwa jiji, kujifunza wadudu na mimea ya majini. Kwenye picha kulikuwa na tope, mianzi iliyolazwa juu ya maji, na kofia nyingi za njano. Katikati ulionekana mgongo wa mwanamume mweusi mrefu, suruali ameikunja mpaka magotini. Juu ya mabega yake alikaa Faudhia, mikono hewani, mdomo wazi kwa kicheko. Chini ya picha Mwalimu Liang alikuwa ameandika kwa herufi za Kichina zenye furaha tele: "Baba wa Faudhia amefika! Tumkaribishe!"

Kuluthumu alikaa chini. Kiti hakikuwapo karibu, kwa hiyo alikaa sakafuni, kati ya rafu mbili za miche.

Baba wa Faudhia alikuwa amezikwa Tanga. Alianguka kumi la mwisho la Ramadhani, akitoka kusali tarawehe, na hakuamka tena. Kuluthumu hakumzika, maana tiketi haikupatikana na viza ya kurudia ilikuwa na matatizo yake. Alikaa eda huku ugenini peke yake, akienda maabara na kurudi, bila manukato wala hina, na mpaka siku hiyo eda ilikuwa haijaisha. Lakini mabega yale kwenye picha yalikuwa ya Tahir. Masikio yale yaliyotoka nje kidogo, ambayo alikuwa akiyatania tangu uchumba, yalikuwa ya Tahir. Akaamini. Kwa muda mfupi, na akili zake timamu na shahada zake mbili, Kuluthumu binti Mbwana aliamini kwamba mumewe amekuja China kumfuata mtoto.

Ndipo akakumbuka kwamba Tahir ana mdogo wake.

Ahmada alikuwa ameingia Guangzhou siku chache nyuma kwa ajili ya maonyesho ya biashara ya Pazhou, kutafuta mashine za kukamua mafuta ya nazi. Alikuwa amekwishampigia mara kadhaa akitaka kuja kuwaona. Kila mara Kuluthumu alimpa sababu: leo nina kipindi, kesho nina mtihani wa kusimamia, ngoja maonyesho yaishe. Ahmada, mtu mwepesi asiye na kinyongo, alijibu tu, "Hapana taabu, shemeji." Sasa amefikaje Panyu? Nani kamwambia? Akajibu mwenyewe kabla hajamaliza kujiuliza. Usiku wa jana alipokuwa anasali Isha, simu yake iliita na Faudhia akaipokea. Alimsikia anacheka. Alipotoa salamu na kuuliza nani huyo, mtoto akasema, "Mtu amekosea namba." Mtoto wa miaka minane, na uongo umenyooka vile! Kuluthumu hakuwa na haja ya kutafuta mbali alikoutoa.

Maana hapo ndipo penye kisa chenyewe, na lazima kisemwe wazi. Faudhia hakujua kwamba baba yake amekufa.

Kuluthumu hakumwambia. Siku ya kwanza hakuweza, maana mdomo ulikataa. Siku ya pili mtoto alikuwa na mashindano ya kusoma. Baadaye ikaja Idd, na nani anamvalisha mtoto nguo mpya huku anamwambia habari kama hiyo? Akamwambia simu ya baba imeingia maji. Halafu akamwambia baba amehamishiwa kufundisha shule ya mbali ambako hakuna mtandao. Alijiambia kwamba atamwambia likizo, wakiwa Tanga, kaburi liko mbele yao na bibi yuko pembeni, ili asibebe peke yake. Huo ulikuwa mpango, na kwa mtu aliyekosa usingizi ulionekana mpango mzuri. Kilichouharibu ni upande wa pili. Mama mkwe alipompigia na kuuliza kwa sauti iliyokauka, "Mtoto umeshamwambia?" Kuluthumu alijibu, "Nimemwambia, mama. Analia tu." Kwa hiyo huku anadanganya mtoto, kule anadanganya wakubwa, na uongo wote ulikuwa salama maadamu pande mbili hazikutani. Sasa zimekutana, na moja imepanda mabegani mwa mwenzake.

Ahmada anaamini mtoto anajua. Atampa pole. Atamtaja marehemu kaka yake kama mtu anavyomtaja marehemu, katikati ya mazungumzo, bila kupunguza sauti. Neno moja tu lingetosha.

Akapiga simu ya Ahmada. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Kwenye kundi, Mwalimu Liang alikuwa ameweka picha nyingine: kapu la plastiki limejaa simu, na maelezo kwamba akina baba wote wanaoingia majini kujenga daraja la mianzi wameacha simu zao hapo. Akina baba. Siku zote zile mwalimu aliposisitiza kwamba wazazi wa kiume wakaribishwe alasiri, Kuluthumu alikuwa amejibu kwa kidole gumba na kuufunga ukurasa. Hakufikiri kwamba mtoto naye anasoma.

Akatoka maabara bila kumuaga mtu, koti jeupe bado mwilini. Ngazi zilikuwa zinateleza. Ilikuwa ile miezi ya Guangzhou ambapo kuta hutoka jasho na nguo haikauki hata ukiisimamia, na mbingu imekaa kizito inangoja tu kumwaga. Akaita gari kwa simu, na wakati linakuja akabaki na njia moja tu ya kuwapata. Saa ya Faudhia.

Watoto wote wa darasa lile wanavaa saa za kupigia simu, na hizo haziogopi maji. Akapiga. Ikapokelewa mara moja.

"Mama! Mama, umeniona kwenye picha? Tunajenga daraja!"

"Nimekuona, mwanangu. Umependeza. Nipe baba mdogo niongee naye."

"Ongea tu, anakusikia. Yuko hapa hapa."

Kuluthumu akauma mdomo. Hakika. Ile saa haina kuweka sikioni. Inasema kwa sauti, mkononi mwa mtoto, na kila aliye karibu anasikia. Hakuna namna ya kumwambia Ahmada kitu bila kumwambia Faudhia.

"Shemeji!" Sauti ya Ahmada ilikuja ikiwa imechangamka, maji yakichuruzika nyuma yake. "Umenificha mtoto, mtoto mwenyewe kaniita. Kanielekeza mpaka kituo cha treni, mimi mgeni naongozwa na kitoto! Na mwalimu wao huyu tangu nifike ananiita baba, baba, nami naitika tu, si ndimi baba? Wallahi shemeji, huyu ni Tahir mtupu. Hata kucheka. Nilikuwa namwambia sasa hivi, marehe—"

"Ahmada!"

Alipiga kelele mpaka mlinzi wa geti la chuo akageuka.

"Mama?" alisema Faudhia.

Kuluthumu hakujua la kufanya. Kiswahili mtoto anakijua. Kichina anamshinda mama yake. Kiingereza anafundishwa shuleni, na Ahmada mwenyewe Kiingereza chake ni cha kuulizia bei. Ndipo kitu kikaja kutoka mbali, kutoka uwanja wa shule ya msingi Makorora, ambako wasichana walikuwa wakisemana mbele ya mwalimu bila mwalimu kuambulia kitu. Kinyume. Unakata silabi ya mwisho, unaipeleka mbele. Kila mtoto wa Tanga aliyewahi kuwa na siri amekisema.

"Tomto ihaju," alisema. Ulimi ulikuwa mzito. "Ahmada, nisikilize. Tomto ihaju. Meusise."

Mtoto hajui. Usiseme.

Akasikia chura, akasikia watoto wanashangilia kitu kwa mbali, akasikia pumzi ya mtu mzima aliyejikwaa.

"Ihaju?" Ahmada alisema polepole. "Sakabi?"

"Sakabi." Kabisa.

"Kichina gani hicho mnasema?" Faudhia alicheka. "Mama, Liang laoshi anatuita. Kwaheri!"

Saa ikakatika. Gari nalo likafika, na Kuluthumu akaingia nyuma roho mkononi.

Dereva alikuwa mzee mpole aliyetaka mazungumzo. Akamuuliza kama ni mwalimu, akamuuliza kwao kuna joto, akamsifia Kichina chake. Kuluthumu alimjibu kwa adabu huku anatamani amwambie afunge mdomo akanyage mafuta. Walipopanda daraja la mtoni mvua ikaanza, matone makubwa, na magari yote yakapunguza mwendo. Watu wa mji huu wanaendesha kwa fujo kukiwa kukavu, lakini ikinyesha wote wanakuwa watawa.

Akajaribu kutunga maneno. "Mwanangu, unajua baba alikuwa anaumwa." Lakini hakuwa anaumwa. "Mwanangu, Mungu amempenda baba zaidi." Hapana, mtoto angeuliza kwa nini asitupende na sisi. "Mwanangu, kuna jambo mama alichelewa kukuambia." Hilo lilikuwa la kweli, na ndilo lililomtia hofu zaidi kuliko yote. Msiba mtoto ataulilia, na watu wanasema watoto hulia wakanyamaza. Lakini akijua kwamba mama yake alikuwa anacheka naye mezani, anamsuka, anamwambia simu ya baba imeingia maji, atamwamini tena kwa lipi? Kuluthumu hakuwa na mtu mwingine katika mji ule. Faudhia naye hakuwa na mwingine. Waliishi wawili chumba kimoja cha wanafunzi, kitanda cha juu na cha chini, na kila walichokuwa nacho ni kuaminiana.

Akafungua kundi tena. Kuna mzazi alikuwa ameweka video. Akina baba wamejipanga majini wanapokezana mianzi, watoto wanaimba. Akamtafuta Ahmada. Alimwona mwishoni, ameshika mwanzi, hapokezi. Mwenzake wa mbele amenyoosha mikono anangoja, na Ahmada ameganda anautazama tu. Na Faudhia, juu ya ukingo, haimbi. Anamwangalia.

Kuluthumu alitaka kujipiga makofi. Alikuwa amemfunga mdomo Ahmada, lakini uso wake je? Yule ni mtu ambaye furaha yake inaonekana mgongoni, sembuse simanzi. Kama angemwacha aseme, labda mtoto asingelisikia lile neno vizuri, labda angelipita. Sasa kazima kicheko cha mtu katikati ya sentensi, na mtoto yule ana macho.

Bustani ilikuwa na geti, na geti lilikuwa na mlinzi, na mlinzi alitaka ajisajili kwa simu. Mtandao ukagoma kwa sababu ya mvua. Akaandika namba ya pasi ya kusafiria, mashine ikaikataa kwa kuwa inataka kitambulisho cha Mchina. Akaandika tena. "Mtoto wangu yuko ndani," alisema. Mlinzi akasema wote wana watoto ndani. Mwishowe alimtazama vizuri, koti jeupe limelowa, akadhani ni daktari, akamfungulia. Kuluthumu hakumsahihisha. Siku hiyo alikuwa amekwisha kuzoea kutosahihisha watu.

Mvua ilikuwa imekatika. Njia ya mbao ilipita juu ya madimbwi, na pande zote mbili watoto walikuwa wamechuchumaa na vikombe vya plastiki, wakichota viluwiluwi na kuvikagua. Mmoja alikuwa analia kwa sababu kereng'ende wake ameruka. Mwalimu mwingine alikuwa anaeleza jinsi mkia wa kiluwiluwi unavyopotea, na kwamba wote lazima warudishwe majini kabla ya kuondoka. Ilikuwa siku nzuri ya watoto, na Kuluthumu aliipita kwa mwendo wa mtu anayewahi wodini.

"Mama Faudhia!" Mwalimu Liang alimjia na kofia yake pana, mashavu mekundu. Ni binti mdogo tu, ana bidii mpaka inachosha. "Umekuja na wewe! Mbona hukutuambia baba yake yuko Guangzhou? Faudhia alitangaza kwenye basi asubuhi, darasa zima. Alisimama kwenye kiti! Akasema, leo baba yangu anakuja."

Neno lenyewe alilisema kama Waswahili wanavyolisema. Baba. Kwa Kichina ni hilo hilo, sauti ile ile. Lakini kwao baba ni mmoja, aliyekuzaa. Kwa kina Faudhia baba ni huyo, na mdogo wake, na mkubwa wake, na mzee wa nyumba ya pili ukimheshimu. Mtoto hakusema uongo, na mwalimu hakukosea kusikia. Kuluthumu alifungua mdomo aeleze, akaona sura ya yule binti ilivyojaa furaha, akasema tu, "Asante, mwalimu. Yuko wapi?"

Ahmada alikuwa kwenye benchi la saruji chini ya mti, peke yake, miguu ina tope mpaka magotini. Alisimama alipomwona. Kwa karibu hakufanana na Tahir kiasi kile. Alikuwa mnene zaidi, na macho yalikuwa mekundu.

"Shemeji," alisema. "Mama alinambia mtoto anajua."

"Nilimdanganya mama."

"Tangu Ramadhani?"

"Tangu Ramadhani. Umemwambia kitu?"

"Sijasema. Lakini nilipofika na kumkumbatia nilimwambia pole. Akaniuliza pole ya nini, nikadhani ni ukubwa, anajikaza. Nikasema pole ya yote." Alijifuta uso kwa mkono wenye tope, akajipaka. "Shemeji, kabla hujapiga alikuwa ananiuliza maswali mpaka kichwa kinauma. Bibi hajambo, paka wa bibi kazaa, kwa nini nazi haina mbegu. Tangu umepiga haniulizi kitu. Kakaa pale na kile kikombe. Mimi simuwezi mtoto akinyamaza."

Faudhia alikuwa amechuchumaa ukingoni, hatua chache kutoka hapo, mgongo kwao. Kofia ya njano ilikuwa imelowa. Midomo yake ilikuwa inakwenda, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinakunjuka kimoja kimoja.

Kuluthumu aliiona ile hesabu ya vidole, akaielewa. Alitaka kumwita kwa sauti ya kawaida, amwambie twende ukavae viatu, amwambie lolote. Kabla hajapata sauti mtoto aligeuka. Hakushangaa kumwona mama yake pale. Alikuja na kikombe chake, kiluwiluwi kimoja kinazunguka ndani.

"Tomto ni mtoto," alisema.

Alikishika kikombe kwa mikono yote miwili.

"Ihaju nimeihangaikia. Nilidhani ni jina la mtu. Halafu nikaona, ukitoa ya mbele ukaiweka nyuma, ni hajui." Alimtazama Ahmada, kisha mama yake. "Baba anaongea hivyo na mimi, akitaka wewe usisikie. Si nyinyi peke yenu mnaojua."

Anaongea, alisema. Ahmada aligeuza uso akatazama mti.

"Mtoto hajui. Usiseme," Faudhia aliendelea, kama anasoma ubaoni. "Mtoto ni mimi. Mimi sijui nini?"

Kuluthumu aliyatafuta yale maneno aliyoyatunga kwenye gari. Hakulikuta hata moja. Aliangalia kushoto, kulia, akitumaini mwalimu ataita, mtoto mwingine atatumbukia majini, mvua itarudi. Watoto walikuwa wanapiga kelele kwa raha zao. Akapiga magoti kwenye tope, koti na yote, akamshika mabega.

"Baba amefariki, mwanangu."

"Baba yupi?"

Aliuliza haraka, na macho yake yalimkimbilia Ahmada, yakamwona amesimama mzima, yakarudi. Mtoto alikuwa anatafuta upenyo, na lugha yao wenyewe ndiyo iliyompa.

"Baba Tahir. Baba yako."

Faudhia alitazama ndani ya kikombe. Aliutazama ule mkia mdogo unavyopiga maji.

"Lini?"

"Ramadhani."

"Ramadhani imekwisha zamani. Tumeshasherehekea Idd." Sauti ilianza kupanda. "Tumekula biriani. Ulinivalisha gauni la bluu. Ulinipiga picha ukasema ni ya kumtumia baba!"

"Nilikosea, Faudhia. Nilikuwa naogopa."

"Bibi anajua?"

"Anajua."

"Shangazi?"

"Anajua."

"Baba mdogo?"

Ahmada aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi, hakuyafuta.

"Tanga nzima," alisema Faudhia. "Watu wote. Kumbe mimi tu ndiye ihaju."

Kisha akampiga. Alimpiga mama yake kifuani kwa ngumi ile isiyo na kikombe, mara moja, mara ya pili, maji yakamwagika, kofia ikaanguka, na kilio kikatoka, kile cha mtoto mdogo kabisa kisichojali nani anaona. Kuluthumu hakumzuia. Naye alilia. Hakuwa amelia hivyo tangu siku ile ya simu ya msiba, maana chumba ni kimoja na mtoto analala juu. Ahmada alichukua kikombe kabla hakijaanguka, akakipeleka dimbwini akakimimina taratibu, kisha akabaki kule kule amewapa mgongo.

Filimbi ikalia. Watoto wakaanza kupanga mistari kuelekea basi, na Mwalimu Liang akaja mbio, amemwona Faudhia analia, amekwisha kutoa karatasi za kufutia mfukoni. Akauliza ameanguka? Ameumwa na mdudu? Akamgeukia Ahmada kwa tabasamu la wasiwasi. "Baba wa Faudhia atapanda basi pamoja nasi? Nafasi ipo."

Kuluthumu alivuta pumzi ajibu. Faudhia alimtangulia. Alijifuta kamasi kwa mkono wa shati, akasimama wima kama anavyosimama akiulizwa swali darasani, akasema kwa Kichina safi, kwa sauti iliyofika mpaka mstari wa kwanza:

"Huyu si baba, mwalimu. Huyu ni shushu, mdogo wake baba. Baba yangu amefariki."

Mwalimu Liang alibaki na karatasi mkononi. Mmoja wa wale akina baba, aliyekuwa akimngojea Ahmada ampe mwanzi, aliokota kofia ya njano kwenye tope, akaipangusa kwa shati lake mwenyewe, akampa mtoto kwa mikono miwili.

Basi lilikuwa na harufu ya nguo mbichi na machungwa. Ahmada aliketi nyuma kabisa. Kuluthumu alisimama kwenye njia ya kati, hajui pa kukaa, hana hakika kama anatakiwa. Faudhia alikuwa amekwisha kukaa dirishani, uso umegeukia kioo. Watoto wenzake walikuwa wanamtupia macho. Gari lilipoanza kutikisika, bila kugeuka, akasogeza mkoba wake kutoka kiti cha pembeni akaupakata.

Kuluthumu akakaa. Alitaka kumshika mkono, akaogopa.

"Niambie tangu mwanzo," alisema Faudhia kwa Kiswahili, polepole, kioo kikiingia ukungu mbele ya mdomo wake. "Kila kitu. Na usigeuze hata neno moja."

Kuluthumu akajikaza, akaanza.